Kodi ya Mfalme na Riba ya Jirani

Katika makanisa mengi, dakika za kwanza za kikundi cha Shule ya Sabato huenda kwa utaratibu. Wagonjwa wanatajwa, wafiwa wanakumbukwa, sadaka inakusanywa, lesoni inafunguliwa. Kisha mtu mmoja anagusia bei ya mbolea, au waziri aliyeondolewa jana, au uchaguzi unaokuja, na mara kikundi kizima kinaamka. Ndugu ambaye juma zima hakufungua lesoni sasa ana habari kamili, zenye majina na tarehe. Dada aliyekuwa amenyamaza tangu wimbo wa kufungua anainua mkono. Mwalimu anatazama saa. Kengele inapolia, fungu la kukariri halijasemwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini mjane anayekaa nyumba ya tatu kutoka kanisani hajaonekana kwa majuma matatu.

Kuijua nchi na mambo yake si dhambi. Yusufu na Danieli walifanya kazi katika ikulu za wafalme wasiomcha Mungu, na Paulo aliagiza wafalme na wote wenye mamlaka waombewe (1 Timotheo 2:1, 2). Swali la somo hili ni jingine: mazungumzo hayo yanamfanyia nini mtu anayeyazoea? Anayelaani ufisadi wa mkubwa asiyemfahamu huondoka akijisikia mwenye haki, ilhali hajatenda tendo lolote la haki. Hajarudisha kitu cha mtu, hajaomba msamaha, hajapoteza rafiki, hajatoa hata shilingi. Na kwa kuwa amejisikia mwenye haki Jumamosi asubuhi, huenda asihisi tena njaa na kiu ya haki hadi Jumamosi nyingine.

Soma Luka 13:1-9. Watu walimletea Yesu habari gani, naye aliifanyia nini?

Ilikuwa habari nzito ya kisiasa. Pilato, liwali wa Kirumi, alikuwa amewaua Wagalilaya waliokuwa wakitoa dhabihu, damu yao ikachanganyika na damu ya wanyama wao. Yesu mwenyewe alikulia Galilaya, kwa hiyo waliouawa walikuwa watu wa kwao. Waliomletea habari huenda walitazamia ailaani Rumi, au awaeleze ni dhambi gani iliyowapata wale marehemu. Hakufanya mojawapo. Hakumtetea Pilato wala hakusema jambo hilo ni dogo. Aliongeza habari ya pili, ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18, kisha habari zote mbili akazigeuzia upande wa wale waliosimama mbele yake: na wao wasipotubu wataangamia. Bila kupumzika akaingia katika mfano wa mtini ambao kwa miaka mitatu umekalia ardhi bila kuzaa, na mtunza shamba anayeomba mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuutia samadi. Kutoka kwa liwali Mrumi hadi kwenye samadi ya mti mmoja, katika mafungu tisa tu! Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya wasikilizaji waliondoka wameudhika.

Lakini mahali ambapo Biblia inalifungua jambo hili kwa upana zaidi ni katika kitabu cha Nehemia, sura ya 5. Wengi huisoma haraka, kwa sababu ukuta unapendeza zaidi: watu kujenga kila mmoja kuielekea nyumba yake mwenyewe (Nehemia 3:10, 23, 28), Shalumu akifanya kazi pamoja na binti zake (3:12), kazi nzima kumalizika kwa siku 52 (6:15). Katikati ya ujenzi huo, watu wanaacha kazi na kulia. Maadui wa nje, Sanbalati na Tobia, wako palepale, lakini safari hii kilio hakiwahusu. Watu wanawalilia ndugu zao Wayahudi.

Soma Nehemia 5:1-5. Hesabu malalamiko yaliyomo. Ni yapi yaliyotoka ikulu, na ni yapi yaliyotoka kwa jirani?

Kuna njaa. Kuna mashamba, mizabibu na nyumba vilivyowekwa rehani ili watu wapate nafaka. Kuna kodi ya mfalme, ambayo watu wamekopa fedha ili kuilipa. Na kuna wana na binti waliotiwa utumwani kwa sababu ya deni, wala wazazi hawana uwezo wa kuwakomboa kwa kuwa mashamba tayari yako mikononi mwa wengine. Kodi ni ya Artashasta, mfalme wa Uajemi, anayekaa mbali sana Shushani. Ndiyo iliyowasukuma watu kwenye mkopo. Hata hivyo aliyewakopesha ni Myahudi mwenzao, na aliyelichukua shamba ni Myahudi mwenzao. Binti yumo katika nyumba ya mtu anayeshika Sabato pamoja na baba yake.

Nehemia ndiye mtu pekee katika mji ule ambaye angeweza kuzungumza na mfalme. Alikuwa mnyweshaji wake. Alikwisha kumwomba ruhusa na barua, akapewa. Kama kuna mtu ambaye angeweza kuligeuza suala hili kuwa la kitaifa, ni yeye. Sura hii haisemi kwamba alituma mjumbe Shushani. Inasema alikasirika sana, akashauriana na moyo wake, kisha akawakabili wakuu na viongozi kwa lile walilokuwa wakilifanya mikononi mwao (5:6, 7). Aliwataka warudishe mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, pamoja na ile sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wakitoza. Na warudishe siku ileile.

Katika fungu la 10 anakiri jambo ambalo kiongozi mwingine angelificha. Anasema kwamba yeye mwenyewe, ndugu zake na watumishi wake pia wanawakopesha watu hawa fedha na nafaka. Kitabu hakielezi kwa masharti gani. Kinachoonekana ni kwamba alipoanza kulisema jambo hilo hakujiweka nje yake. Alisema hadharani, mbele ya mkutano mkubwa, kwamba naye anawadai, na kwamba jambo hilo na likome. Kisha, kuanzia fungu la 14, anaeleza kwamba kwa miaka 12 hakula chakula cha liwali ambacho kwa desturi kilikuwa haki yake, kwa sababu utumishi ulikuwa mzito juu ya watu.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kamusi kuielewa sura hii. Tanzania watu wameipa mikopo ya namna hiyo jina la kausha damu. Mwalimu anakopa fedha ya ada au ya matibabu, na kadi yake ya benki inabaki mfukoni mwa mkopeshaji. Mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayetangulia kwenye mashine. Mama wa genge anakopa mtaji, na riba inahesabiwa kwa juma, wakati mwingine kwa siku, hadi siku kochi na televisheni vinapotolewa nje majirani wakitazama. Kagera kuna kitu kinaitwa butura: mkulima aliyebanwa anauza kahawa yake ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, na siku ya kuvuna anavuna mali ya mtu mwingine. Mwaka 2018 ilitungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, inayowataka wakopeshaji wawe na leseni, na butura imepigwa marufuku. Hizo ni hatua nzuri. Lakini sheria ya Dodoma haioni daftari linalowekwa chini ya godoro.

Kanisa, kinyume chake, linaweza kuliona. Mara nyingi mwenye daftari na aliyeandikwa ndani ya daftari wanakula meza moja ya Bwana. Wanaoshana miguu. Na hapo ndipo ugumu wenyewe unapokaa. Kumsema waziri wa fedha ndani ya kikundi ni rahisi kwa sababu hayumo kikundini. Kumwuliza ndugu ambaye ndiye mfadhili mkubwa wa jengo la kanisa kuhusu riba anayowatoza washiriki wenzake ni jambo la kupoteza usingizi. Anaweza kununa. Anaweza kuhama kanisa na mabati yake yasiletwe. Anaweza pia kuwa shemeji. Wanaodhani kwamba wajibu wa karibu ni mdogo kuliko siasa za taifa huenda hawajawahi kuujaribu.

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Watasema mafundisho ya namna hii yamekuwa yakiwafaa watawala tangu zamani: waumini wachunge bustani zao, wafagie nyua zao, na wakubwa waachwe wafanye wapendavyo. Watasema kodi ya Artashasta ilikuwa mzigo wa kweli, na anayeshughulikia riba peke yake anatibu kidonda huku kisu kikiendelea kukata. Kikundi kisiipuuze hoja hii. Mtu anaweza kweli kujificha ndani ya mambo madogo ili asiyaone makubwa.

Soma Kumbukumbu la Torati 21:1-9. Wazee walitakiwa kufanya nini kabla ya kusema kwamba hawana hatia?

Maiti imeonekana shambani, na muuaji hajulikani. Wazee na waamuzi wanatoka na kupima umbali kutoka hapo hadi miji inayozunguka. Mji ulio karibu zaidi ndio unaobeba jambo hilo. Hakuna anayedai kwamba wazee wa mji ule waliua. Wajibu unawaangukia kwa sababu wao ndio walio karibu. Wanamchukua mtamba wa ng'ombe ambaye hajafanyishwa kazi, wanateremka hadi bonde lenye maji, wanamvunja shingo, wananawa mikono na kutamka mbele za Mungu kwamba mikono yao haikumwaga damu hiyo, wala macho yao hayakuona.

Maneno hayo ya mwisho yana mtego. Mzee wa mji hawezi kuapa kwamba macho yake hayakuona ikiwa alichagua kutotazama. Mgeni yule alipita mjini? Aliomba maji kwa nani? Nani alimfungia mlango jioni, akalazimika kulala njiani? Torati inapowapimia watu wajibu kwa hatua za miguu, inawanyima nafasi ya kusema kwamba kosa ni la mfumo, na pia inawanyima nafasi ya kusema kwamba jambo hilo haliwahusu. Kwa hiyo anayeitumia nyumba yake kama pazia la kutoona uovu wa nchi hapati kibali hapa, kwa sababu uovu wa nchi, ukiwa wa kweli, hatimaye huja kuanguka katika shamba la mtu fulani.

Historia ya Waadventista ina mfano wake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1850 iliwataka raia wasaidie kuwarudisha kwa mabwana zao watumwa waliotoroka. Mwaka 1859 Ellen White aliwaandikia waumini kwamba sheria hiyo wasiitii, na kwamba wawe tayari kuyapokea matokeo yake. Sheria ilitungwa Washington. Utii au uasi wake ulipimwa usiku, mlangoni, mtu akiwa amesimama nje na viatu vilivyochakaa, au hana viatu kabisa. Aliyempa mkate na kumwonyesha njia ya kwenda Kanada alikuwa ameshiriki katika jambo kubwa la taifa kwa njia ambayo hotuba zisingeweza kumfikisha.

Na ikiwa taifa lenyewe linawaka? Aprili 1994 Rwanda iliwaka. Yaliyoamuliwa Kigali na wakuu wa serikali na jeshi yalitekelezwa kilima kwa kilima, kupitia wilaya, tarafa na viongozi wa nyumba kumi, ambao Wanyarwanda waliwaita kwa neno hilohilo la Kiswahili, nyumbakumi. Majirani waliwekeana vizuizi barabarani. Kanisa halikusalimika, Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mchungaji wa Kiadventista mwaka 2003 kwa kosa la kusaidia mauaji ya kimbari. Lesoni isiyolitaja hilo haitakuwa ya kweli.

Wakati huohuo, mjini Kigali, alikuwapo Mwadventista Mmarekani aitwaye Carl Wilkens, aliyekuwa akiongoza kazi ya ADRA nchini humo. Wageni walipoamriwa kuondoka, mke wake na watoto walikwenda na msafara, yeye akabaki. Nyumbani mwake kulikuwa na kijana wa kiume na msichana, wote Watutsi, waliofanya kazi kwake, na alijua maana ya kuwaacha. Katika siku zile za kwanza kundi la wauaji lilipofika langoni, waliowazuia walikuwa majirani, wanawake wa mtaa huo, wakieleza kwamba watoto wao hucheza na watoto wa nyumba ile. Hawakuwa na silaha. Walichokuwa nacho ni miaka ya ujirani, watoto waliokuwa wakiingia na kutoka katika lango lile kabla mtu yeyote hajajua kwamba siku moja litahitaji kulindwa.

Alipopata nafasi ya kutoka, Wilkens alihangaika na maji na chakula kwa ajili ya vituo vya yatima. Kimoja, cha Gisimba, kilikuwa kimejaa mamia ya watu, wengi wao watoto, na wanamgambo wakakizingira. Alikwenda ofisi ya mkuu wa mkoa kuomba msaada, akaambiwa waziri mkuu yumo humo, amwombe yeye. Waziri mkuu huyo alikuwa Jean Kambanda, ambaye baadaye alikiri makosa ya mauaji ya kimbari na kufungwa maisha. Wilkens alimsimamisha kwenye korido na kumweleza habari za watoto wa Gisimba. Hakujadiliana naye kuhusu serikali yake wala itikadi yake. Aliomba kwa ajili ya watoto hao, wa jengo hilo, na watoto hao waliokolewa. Hakuyasimamisha mauaji ya Rwanda, na hakuna mtu mmoja angeweza. Je, kuna anayeweza kusema kwamba alikwepa siasa? Alikutana nayo uso kwa uso, kwa sababu alikuwa ameufuata wajibu wa karibu hadi ukamfikisha hapo.

Katika siku za amani, mlango wenyewe huwa wa kawaida mno, na huenda ndiyo sababu watu hawauingii. Kwa sheria ya Tanzania, kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi yanasomwa. Mara nne kwa mwaka, sawasawa na lesoni inavyobadilishwa. Fedha za maji, mchango wa darasa, ushuru wa mnada, ardhi inayotaka kuuzwa kwa mwekezaji: vyote hivyo hupita mezani pale, mbele ya watu wanaofahamiana kwa majina ya baba zao. Wengi wanaoweza kutaja mawaziri kumi hawajui jina la mtunza hazina wa kamati ya maji wanayoyanywa. Mwadventista anayefika, anayekaa hadi ajenda ya mwisho, anayeuliza kwa adabu risiti ziko wapi, na ambaye mwenyewe hajawahi kuchota maji bila kulipia, huyo amefanya tendo la uraia. Pengine mwenyekiti hatampenda. Na akiulizwa yeye kuhusu hesabu za kanisa lake, awe na jibu.

Wagawanyike wawili wawili kikundini, na kila mmoja amjibu mwenzake: kama wazee wangepima kwa hatua kutoka kwa mtu anayeteseka karibu nawe hadi nyumba zinazomzunguka, ni nyumba ya nani wangeifikia kwanza? Wasiojibu kwa sauti wasilazimishwe.

Kuhusu watu wa Nehemia, kitabu kinasema wakuu walikubali. Makuhani waliitwa, kiapo kikaapwa, Nehemia akakung'uta vazi lake mbele yao, na mkutano wote ukasema Amina. Kisha watu wakafanya kama walivyoahidi (5:12, 13). Kodi haikuondoka. Sura ya 9, katika sala ndefu ya toba, watu bado wanamlilia Mungu kwamba mazao ya nchi yanakwenda kwa wafalme, ambao wanaitawala hata miili yao na wanyama wao (9:36, 37). Artashasta aliendelea kuchukua chake. Lakini shamba alilotozwa kodi hiyo baba wa yule binti lilikuwa limerudi kuwa lake.